Mzimu wa Watu wa Kale: Bwana Msa angefanya kazi huku kwetu Mbeya?

Dada wa Vitabu (Kabwe, Mbeya)

Habari zenu ndugu zangu. Uzi huu ni wa waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, na mpenzi yeyote wa riwaya za upelelezi anakaribishwa. Naomba jambo moja tu kabla hatujaanza: asitajwe muuaji. Kuna watu wamechukua kitabu hiki kwangu na bado wako katikati, msiwaharibie.

Mimi nauza vitabu vya mtumba pale Kabwe. Kinachonilisha ni vitabu vya kiada na mitihani ya miaka iliyopita, ila moyo wangu uko kwenye riwaya. Hii nimeirudia kipindi hiki cha mvua ambapo wateja ni wa kuhesabu. Kwa asiyeijua, ilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957–1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Mwandishi ni mtu wa Makunduchi, Unguja. Maiti inakutwa mzimuni, pale pale watu wanapokwenda kuomba na kuacha sadaka, na watu wengi jibu wanalo tayari: mzimu ndio umeua. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hiki, na kiko chake na rafiki yake Najum, halitaki jibu hilo. Yeye anataka kujua nani alikuwa wapi, nani alimdai nani, nani alisema hivi jana na leo anasema vingine, kisha aliyoyapata anampelekea Spekta Seif wa polisi.

Swali langu ni hili: mlipokuwa mnasoma, mzimu uliwatoka vichwani ukurasa wa ngapi? Na je, mnaona mwandishi alifanya haki kumnyang'anya mzimu kesi ile?

Nauliza kwa sababu ya nakala niliyo nayo. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akibahatisha muuaji kwa penseli pembeni mwa kurasa. Mwanzoni kabisa ameandika "mzimu" na kupiga mstari chini yake, mstari mzito, wa mtu asiye na shaka. Mbele kidogo amelikata neno hilo, ameandika jina la mtu. Mbele tena jina limekatwa, limeandikwa jingine. Kuanzia hapo ni majina ya watu tu mpaka mwisho. Sijui ni nani huyo, mwandiko ni wa mtu mzima, lakini nimekaa na zile penseli zake nikaona kazi yote ya Bwana Msa imeandikwa pale pembeni. Hakuna aliyemkaripia yule msomaji kwa kuamini mzimu. Amekwenda mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi akaona kwamba palipo na maiti pana mkono wa mtu.

Hilo ndilo ninalolipenda. Mwandishi hawacheki wanaopeleka sadaka mzimuni. Anawaacha na heshima yao. Anachokataa ni mzimu kubebeshwa mauaji.

Na hapa ndipo naleta mambo ya kwetu. Huku tunapoishi, mtu akifa ghafla, mara nyingi haiulizwi amekufa na nini, inaulizwa nani kamroga. Na jibu halikosekani. Ni bibi fulani, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo, watoto wako mbali. Yule bibi hana Bwana Msa. Hakuna wa kuuliza usiku ule alikuwa wapi, hakuna wa kusema huyu hana sababu ya kumdhuru yule. Riwaya hii nikiisoma siisomi kama ya kumkamata muuaji tu. Naisoma kama ya kuwaondolea lawama wasiohusika, mmoja mmoja, mpaka anabaki aliyehusika. Kwangu hiyo nusu ya pili ndiyo kubwa.

Kuna jambo jingine linanivutia. Kabla hajawa mhariri wa magazeti, Muhammed Said Abdulla alifanya kazi idara ya afya kule Unguja miaka kama kumi, akafikia kuwa mkaguzi. Fikirini kazi ya mkaguzi wa afya enzi zile. Anaingia kwenye nyumba watoto wanaharisha, wenyewe wanamwambia tumerogwa, yeye anauliza: maji mnachota wapi? Choo kiko wapi? Kisima kimefunikwa? Hatukani mtu, anauliza tu na kuangalia chini. Huyo tayari ni Bwana Msa. Watu husema Bwana Msa kamfuata Sherlock Holmes, na ni kweli kiko wanacho wote wawili na rafiki wa kutembea naye wanaye wote wawili. Lakini aliyemwandika Holmes, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari, na huyu wetu alikuwa mtu wa afya. Mimi naona undugu wao umeanzia kwenye kazi zao kabla ya kiko.

Haya, nawasikiliza.

Mzee wa Reli (Iyunga)

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho, na kitabu nakifahamu. Ni kizuri. Lakini usinilaumu nikikwambia kwamba sisi wa rika letu damu yetu ilichemshwa na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, siyo Bwana Msa.

Sababu yake siyo bastola. Kufa na Kupona kilipotoka 1974, habari ya mle ndani ilikuwa nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Wewe leo unasoma kama hadithi. Sisi tulisoma kama taarifa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa Dar tangu 1963. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru wake Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1965, Zambia ikabanwa mafuta, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupitisha mafuta kutoka Dar hadi Ndola, limekatiza huku huku kwetu chini ya mashamba ya watu. Kisha reli ya TAZARA, 1970 mpaka 1975, Wachina na Watanzania na Wazambia, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Na kule Iringa, Mgagao, vijana wa Zimbabwe walikuwa wakipata mafunzo ya vita.

Sasa mtu unakaa katikati ya vyote hivyo, reli, bomba, barabara kuu ya Zambia, halafu unaletewa kitabu kinachosema adui ametuma watu wake. Huhitaji kusadikishwa. Tulikuwa tunaambiwa kabisa, ukimwona mtu usiyemjua anazungukazunguka darajani na kamera, toa taarifa kwa balozi wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa kijana, nikipita daraja lolote nilikuwa naangalia kulia na kushoto. Kitabu kile kilinifanya nijione na mimi nina kazi ya kufanya.

Bwana Msa ana mauaji ya mtu mmoja kisiwani. Gamba alikuwa na bara zima mgongoni, na mwaka 1979 Musiba akampeleka mpaka Kinshasa kwenye Kikosi cha Kisasi. Huo ndio upelelezi kwangu mimi.

Dada wa Vitabu

Shikamoo mzee wangu. Hayo ya kamera darajani sikuwahi kuyasikia kwa mtu aliyeyaishi, nashukuru sana kwa kuyaandika.

Musiba simpingi. Akipatikana mezani kwangu halali, anaondoka siku hiyo hiyo, na wanaomtafuta ni watu wa umri wako na madereva wa malori ya Tunduma. Ila naomba uniruhusu nitofautiane nawe mahali pamoja. Kwa Gamba, adui tunamjua tangu mwanzo: ni Kaburu, ni Smith, ni vibaraka wao. Tunachosubiri ni kama Gamba atatoka mzima. Kwa Bwana Msa adui anaweza kuwa yule aliyekaa kwenye msiba analia kuliko wote. Adui wa Gamba anatoka nje. Wa Bwana Msa ni jirani, na jirani ndiye tunayeshindwa kumchunguza bila kumwonea.

Enzi zenu mlihitaji wa kwanza, na naelewa kwa nini, hasa ulivyoeleza. Mimi naona leo tunamhitaji wa pili zaidi.

Mnyalukolo (Iringa mjini)

Kamwene! Mada nzuri. Dada, mimi nitakujibu kwa mlango wa nyuma, kwa sababu sisi Iringa tuna upelelezi wetu ambao haujaandikwa kama riwaya inavyostahili, na unagusa hicho unachosema.

Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 kule Mlambalasi ili Wajerumani wasimpate hai. Wakamkata kichwa. Kikapotea. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kifungu kizima, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Wajerumani wakasema hawana. Ikapita miaka na miaka.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe jumba la makumbusho la Bremen. Humo mlikuwa na mafuvu karibu 2,000. Sasa hapa ndipo nataka wapenzi wa Bwana Msa wasimame wafikiri: utamtambuaje mtu mmoja? Alianza na yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, yakabaki 84. Kabla ya hapo alikuwa ameshapima vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, upana kwa urefu, akapata kipimo cha ukoo. Akaondoa yasiyolingana na kipimo. Katika machache yaliyobaki, moja lilikuwa na tundu la risasi. Akalichukua hilo. Julai 1954 likakabidhiwa Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na mpaka leo liko pale kwenye makumbusho.

Nilipelekwa Kalenga na shule nikiwa mdogo, nikalitazama kwenye kioo chake na sikuuliza kitu. Nimekuja kusoma riwaya za upelelezi ukubwani ndipo maswali yakaanza. Umbo la kichwa linaweza kufanana kwa watu wengi wa kabila moja. Wahehe waliopigwa risasi vitani walikuwa wengi. Wapo wasomi wenye mashaka kwamba ndilo lenyewe. Na wapo wazee kwetu ambao ukiwauliza hivyo wanakutazama kama umetukana.

Kwa hiyo swali lako, kama ni haki kumnyang'anya mzimu kesi, kwangu si jepesi hivyo. Fuvu lile ni la babu yetu kwa sababu lilipokelewa, likaliliwa, likapewa heshima. Bwana Msa akija na kiko chake Kalenga, nitamkaribisha, lakini nitamwomba aanze kwa kusalimia.

Kijana wa Tukuyu

Mimi naomba niseme ukweli wangu. Nimekisoma kwa shida. Kiswahili cha Unguja cha miaka ile ni kizito, kuna kurasa nilikuwa nasoma mara mbili ili nielewe nani kamwambia nani. Na mazungumzo ni marefu, watu wanakaa wanaongea, wanaongea tena. Nimezoea Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ukifungua tu ukurasa wa kwanza umeshakamatwa.

Halafu Bwana Msa ana tabia ya kujua jambo na kulificha. Anatabasamu tu, anavuta kiko, Najum na mimi tuko gizani. Naona si sawa. Msomaji naye apewe nafasi ya kushinda.

Ila kuhusu mzimu, dada, kwangu haukutoka kabisa hadi mwisho. Nimekulia karibu na Ziwa Ngosi, nimeambiwa mengi juu ya maji yale tangu utotoni. Kitabu kimeniambia ni mtu, nimekubali ni mtu, lakini usiku nilikisoma taa ikiwa inawaka. Mwandishi aliyeweza kunifanya hivyo na huku jibu analo, huyo namvulia kofia.

Mama Neema (Vwawa, Songwe)

Dada wa Vitabu, nimechelewa lakini hili la kwako la bibi mwenye macho mekundu limenigusa, naomba niongee kidogo.

Mimi hilo nimeliona, siyo kwenye kitabu. Shangazi yangu alitajwa. Walikuja lambalamba kijijini, wale waganga wanaodai kufichua wachawi, wakapita nyumba kwa nyumba, wakachimba uani kwake, wakatoa pembe wakasema ndiyo yenyewe. Kila mtu alisimama akatazama. Shangazi hakupigwa, tunamshukuru Mungu, lakini alihama usiku ule na nyumba ile hajairudia. Serikali imekataza watu hao mara nyingi, na sheria ya uchawi ipo tangu 1928, ila wanaingia tu, na wanaowachangia fedha ni wanakijiji wenyewe.

Sasa nikuulize wewe unayempenda Bwana Msa. Yeye ana Spekta Seif wa kumpelekea aliyoyapata. Ana muda, hana shamba la kupalilia, anakwenda leo anarudi kesho. Kijijini kwetu kituo cha polisi kiko mbali, daktari wa kupasua maiti ndiyo kabisa, na mtu kesho anazikwa. Lambalamba wanakuja na jibu leo hii. Watu hawawaiti kwa ujinga tu, wanawaita kwa sababu hakuna mwingine anayekuja. Hiyo riwaya inasema nini juu ya hilo? Au inatuambia tu kwamba wenye bahati ya kuwa na Bwana Msa ndio wanaopata haki?

Sijakisoma, nakiri naongea kwa kukusikia wewe. Lakini nijibu.

Dada wa Vitabu

Mama Neema, pole sana kwa shangazi. Nilisoma ujumbe wako nikiwa mezani, nikashindwa kumjibu mteja aliyekuwa anauliza bei.

Swali lako ni zito kuliko langu na sitalikwepa. Kweli, kitabu kiko kwenye mji wenye polisi wa kuitwa wakaja. Shida ya kituo cha mbali hakiijui. Ila liangalie hili. Bwana Msa si polisi. Hana cheo, hana pingu, hakuna aliyemtuma. Spekta Seif ndiye mwenye serikali nyuma yake, na bado anayeona ni yule asiye na kitu. Nguvu yake yote ni kwamba anauliza na hakubali jibu la haraka. Siku ile uani kwa shangazi, angekuwepo mtu mmoja tu wa kuuliza: hiyo pembe umeitoa ardhini au mkononi mwako? Nionyeshe mikono kabla hujachimba. Udongo huu mbona umechimbuliwa jana? Sisemi ingekuwa rahisi. Kuuliza hivyo mbele ya umati ni hatari, naelewa. Lakini maswali hayo hayahitaji spekta, na mtu anajifunza kuyauliza mahali. Mimi nimejifunza kwenye vitabu hivi.

Mnyalukolo, ndaga, yaani asante kwa lugha ya huku. Umenifanya nikose usingizi na fuvu lile. Ningekuwa Najum ningemwomba Bwana Msa aache tundu la risasi kwanza, aende kwenye karatasi. Yale mafuvu 84, nani aliyaandikia kwamba yametoka Afrika Mashariki, na aliandika lini? Nani aliyapokea mlangoni? Kichwa kilipokatwa Mlambalasi kilikabidhiwa kwa nani, na huyo akampa nani? Tundu la risasi tunalipenda kwa sababu linaonekana, lakini mlolongo wa mikono ndio unaothibitisha. Na la kusalimia wazee kwanza nakubaliana nawe kabisa. Ndivyo Bwana Msa anavyoingia kwenye nyumba za watu, ndiyo maana wanamwambia mambo.

Kijana wa Tukuyu, hapo kwenye kuficha umesema kweli na sitamtetea. Ni kasoro. Riwaya ya upelelezi iliyo bora inamwekea msomaji kila kitu mezani. Kwenye lugha, jaribu kukisoma kwa sauti, mazungumzo yale yameandikwa kwa sikio. Mimi humsomea mama yangu jioni na yeye hacheleweshwi na neno lolote, anacheka kabla yangu.

Mzee wa Reli, nimepata nakala moja ya Kikosi cha Kisasi, jalada limechanika ila kurasa zote zipo. Nakuwekea.

Mama Neema, kitabu nakutumia kesho na basi la asubuhi linalokwenda Tunduma, dereva ataiacha bahasha stendi ya Vwawa. Ukimaliza kipitishe kwa mwingine hapo hapo kwenu. Na kama kuna mwenye Kisima cha Giningi cha 1968, hata kikiwa kibovu, anitafute. Humo tena ni Bwana Msa, na jina Giningi Wazanzibari wanalijua kuwa ni makutano ya wachawi. Nakitaka kwa ajili ya mjadala unaofuata.